Kinachozuia Ushindi: Kutoka Mlima Uhudi hadi Pwani ya Ziwa Tanganyika

  

Siku chache zilizopita tulifanya mkutano chini ya mwembe hapa Baraka, viongozi wa mitaa pamoja na watu waliohama vijiji vyao. Kila aliyesimama alizungumza juu ya ushindi. Huyu alisema ushindi u karibu, yule akasema umecheleweshwa na wasaliti. Mwishoni akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akaniambia hivi: "Mwanangu, wewe umesoma sheria. Huo ushindi ukifika, mimi nitarudi nao nyumbani, au nitausikia tu redioni?" Watu wakacheka, lakini hawakucheka kwa muda mrefu.

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu mmoja wa madrasa, kwa sababu ndugu zetu Waislamu wana mafundisho marefu juu ya ushindi, wanaouita nusura au fat'hi, na juu ya mambo yanayouzuia. Mimi sikusoma madrasa. Nilichokitafuta kwake ni historia, na hicho ndicho nitakachowaeleza leo. Ndugu Wakristo, msizime redio. Hii ni habari ya watu waliofukuzwa makwao, na sisi wa pwani hii habari za namna hiyo tunazijua. Mimi mwenyewe nilivushwa ziwa mwaka 1996 nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na maneno yangu ya kwanza niliyasema katika kambi ya upande wa Kigoma.

Mwaka 622 Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, na wafuasi wake waliuacha mji wa Makka wakaenda Madina, baada ya kuteswa miaka mingi. Waliacha nyumba, mifugo na biashara. Kwa Kiarabu waliitwa Muhajirina, yaani waliohama; leo tungewaita wahami. Wenyeji wa Madina waliowapokea waliitwa Ansari. Angalieni neno hilo: nusura na Ansari ni maneno ya mzizi mmoja, na maana ya mzizi huo ni kusaidia. Kwa hiyo jina lile lile lenye ushindi ndani yake alipewa mtu aliyemfungulia mhami mlango wa nyumba yake.

Kila Muhajiri aliunganishwa na Ansari mmoja kama ndugu. Abdulrahman bin Auf, aliyekuwa mfanyabiashara, aliambiwa na ndugu yake Saad bin Rabii achukue nusu ya mali yake. Alishukuru, akakataa, akaomba aonyeshwe tu sokoni ni wapi. Nawajua wahami wengi hapa ambao wangejibu hivyo hivyo: hawaombi gunia la unga kila mwezi, wanaomba njia ya sokoni na kipande cha kupanda mihogo.

Mwaka 624 Waislamu wapatao mia tatu walishinda jeshi la watu karibu elfu moja mahali panapoitwa Badri. Hapo sitakaa sana, kwa kuwa ushindi wa Badri kila mtu anapenda kuuhadithia. Tatizo lilianza mwaka uliofuata.

Mwaka 625 Wamakka wapatao elfu tatu walikuja kulipiza kisasi, wakapiga kambi karibu na mlima Uhudi. Waislamu walitoka elfu moja, lakini njiani mkubwa mmoja wa Madina, Abdullah bin Ubayy, alirudi na watu wake mia tatu. Wakabaki mia saba. Mtume akaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima kidogo chini ya Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke pale, jeshi lishinde au lishindwe. Vita vikaanza na Wamakka wakarudi nyuma, mali yao ikabaki uwanjani. Wale wa juu ya kilima wakaona wenzao wanakusanya. Wakabishana. Mkubwa wao akawakumbusha amri, lakini wengi wakashuka, akabaki na wachache sana. Khalid bin Walid, jemadari wa farasi wa Makka, aliona kilima kimeachwa, akazunguka nyuma. Waliuawa Waislamu wapatao sabini, pamoja na Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Qurani ilieleza sababu ya msiba huo katika sura ya tatu, Al Imran. Haikusingizia wingi wa adui. Inawaelekeza Waislamu wajitazame wenyewe: ulegevu wao, ugomvi wao, na tamaa iliyowaingia wakati ushindi ulikuwa tayari mkononi. Sura ya nane, Anfali, ambayo jina lake ni ngawira za vitani, nayo inaonya kwamba wanaogombana wao kwa wao hupoteza moyo na nguvu zao.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi viongozi. Kabla ya vita Mtume alikuwa ameelekea kubaki ndani ya mji. Watu wengi, hasa vijana, ndio waliotaka kutoka, naye akayakubali mashauri yao. Baada ya hasara ile, kiongozi mwingine angesema: "Niliwasikiliza mkaniponza, tangu leo simwulizi mtu." Lakini agizo lililokuja katika sura ile ile ya Al Imran lilikuwa awasamehe na aendelee kushauriana nao katika mambo. Mimi nimekaa katika mikutano mingi ya wilaya hii, na nimeona jinsi kosa moja la baraza linavyotosha kulifunga baraza lenyewe.

Mwalimu yule wa madrasa hakutaka nidhani kwamba Waislamu wa nchi yetu wameyashika haya yote. Yeye mwenyewe alinitajia kwa masikitiko mwezi wa Mei 2021. Siku ya Idi, tarehe 13, pande mbili zilizokuwa zikigombea uongozi wa jumuiya ya Kiislamu zilipigana mjini Kinshasa kwenye uwanja wa Stade des Martyrs. Polisi mmoja aliuawa, na mahakama ikawahukumu watu kadhaa kifo. Mwezi huo huo, upande wa Beni, masheikh wawili waliokuwa wakihubiri dhidi ya kundi la ADF, kundi linaloua raia huku likitaja jina la Uislamu, waliuawa kwa risasi. "Adui wa nje hajafika," aliniambia mwalimu, "na sisi tumeshapungua."

Mtasema Uhudi ni mbali. Basi tuje ziwani kwetu.

Uislamu ulifika pwani hii katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Unguja na Mrima, wakapita Tabora hadi Ujiji, kisha wakavuka. Walileta dini, nguo, na hii lugha tunayozungumza sasa hivi redioni. Walileta pia bunduki na biashara ya kuuza watu. Historia hii ni yetu na hatuwezi kuificha: baadhi ya babu zetu waliuzwa, na baadhi ya babu zetu waliuza. Katika Maniema bwana mkubwa alikuwa Tippu Tip. Hapa ziwani alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye makao yake yalikuwa Ujiji.

Mwaka 1892 vilianza vita kati ya mabwana hao na Dola Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mabwana walikuwa na miji yao, Nyangwe, Kasongo, Kabambare, na bunduki nyingi. Hata hivyo Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili, na Januari 1894 Rumaliza alishindwa upande wa Kabambare, akakimbilia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Silaha za Dola ni sababu mojawapo. Lakini Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja, na waliobaki, yaani mwanawe Sefu, Munie Mohara na Rumaliza, hawakupigana kama jeshi moja. Rumaliza aliingia kwa nguvu zake zote wakati Kasongo imekwisha kuanguka. Na Ngongo Lutete, jemadari aliyekuzwa na Tippu Tip, alihamia upande wa Dola mwaka 1892 pamoja na maelfu ya wapiganaji wake.

Kuna sababu nyingine, na mwalimu wa madrasa ndiye aliyeitaja kabla yangu. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa maana haina pazia kati yake na Mungu. Vijiji vilivyochomwa na kutekwa watu wake viliona vita vya mwaka 1892, na havikuona sababu ya kufa kwa ajili ya mabwana wa misafara. Mswahili aliyekuwa na msikiti na bunduki alikosa jirani.

Wala upande wa pili usijisifu. Dola ilitangaza kwamba imekuja kuondoa utumwa, na baada ya ushindi ikawatia watu katika kazi ya mpira kwa viboko. Ngongo Lutete aliyewapa ushindi walimpiga risasi mwezi wa Septemba 1893 kwa kumshuku usaliti. Miaka miwili baadaye, Julai 1895, askari wa Luluabourg waliasi, wengi wao wakiwa watu wake, na maasi ya askari yakaisumbua Dola kwa miaka. Nikiwa chuo kikuu niliyasoma haya kama tarehe za mtihani. Nilipoyasoma tena hapa Baraka niliona sura za watu ninaowafahamu.

Tumetaja tamaa, ugomvi na dhuluma. Kuna kizuizi kingine ambacho Qurani inakitaja katika sura ya tisa, Tauba, nacho ni kujivunia wingi. Mwaka 630 Waislamu walikwenda bonde la Hunaini wakiwa elfu kumi na mbili, jeshi kubwa kuliko walilopata kuwa nalo, na wingi huo ukawapendeza. Alfajiri walishambuliwa kutoka mafichoni na wengi wakakimbia. Walirudi na kushinda baadaye, lakini wale waliosimama mwanzoni walikuwa wachache tu.

Wazee wetu hawahitaji bonde la Hunaini kulifahamu jambo hili. Mwaka 1964 Simba walichukua Uvira mwezi wa Mei, Albertville mwezi wa Juni, Stanleyville mwezi wa Agosti. Ilionekana kama nchi nzima imekwisha. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akafika Kibamba, kusini ya Baraka, akiwa na Wakuba waliokuja kusaidia. Aliyoyakuta aliyaandika kwa uchungu: wakubwa wanakaa Kigoma na Dar es Salaam, wapiganaji wanakataa kubeba mizigo wakisema wao si motokari, na dawa ya kuzuia risasi inategemewa kuliko mazoezi. Mtu akipigwa risasi, lawama ilimrudia yeye mwenyewe kwamba amevunja mwiko. Shambulio la Bendera mwishoni mwa Juni lilishindwa. Kabla mwaka haujaisha jeshi la serikali pamoja na mamluki lilikuwa limeichukua Baraka na Fizi, na mwezi wa Novemba Wakuba wakavuka ziwa usiku kurudi walikotoka. Waliobaki kulipa ni wanavijiji.

Na 1997? Muungano uliotangazwa Lemera Oktoba 1996 uliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Tarehe 2 Agosti 1998 walioshinda pamoja walianza kupigana wao kwa wao. Hata miezi kumi na tano haikutimia. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1998 yakaja mauaji ya Makobola, na hayo sihitaji kuwaeleza watu wa Fizi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii redioni. Ni habari ya Hudaibiya.

Mwaka 628, miaka sita baada ya kufukuzwa, Mtume alitoka Madina na watu wapatao elfu moja na mia nne kwenda Makka kuhiji ile hija ndogo, umra. Hawakwenda kupigana; walikuwa na wanyama wa kuchinja. Wamakka wakawazuia mahali panapoitwa Hudaibiya, si mbali na mji. Baada ya kutumiana wajumbe, Wamakka wakamleta Suhail bin Amr kuandika mkataba.

Sikilizeni masharti yake. Vita visimame miaka kumi. Waislamu warudi mwaka huu bila kuingia, waje mwaka ujao kwa siku tatu tu. Mtu wa Makka akikimbilia kwa Muhammad bila ruhusa ya mlezi wake, arudishwe. Lakini mtu wa Muhammad akikimbilia Makka, asirudishwe. Mimi kama mwanasheria ningeletewa karatasi hiyo ningesema haina usawa. Na hata kabla ya masharti kulikuwa na neno la mwanzo. Suhail alikataa iandikwe kwamba Muhammad ni Mtume wa Mungu. Iandikwe jina lake na la baba yake, basi. Ali, aliyekuwa mwandishi, hakuweza kulifuta neno lile kwa mkono wake. Mtume akalifuta mwenyewe.

Wino haujakauka, akaja kijana Abu Jandal anaburuta minyororo ya miguu. Alikuwa mwana wa Suhail huyo huyo, amesilimu na kufungwa na baba yake, naye ametoroka. Akawalilia Waislamu wamchukue. Kwa mkataba ule alirudishwa. Jaribuni kuiona picha hiyo, ninyi mliomwacha kijana wenu upande wa pili. Umar bin Khattab alishindwa kuvumilia, akauliza kwa nini wakubali unyonge ilhali wako kwenye haki. Na Mtume alipowaamuru watu wachinje wanyama wao na kunyoa vichwa, hakuna aliyeinuka. Alirudia, wakakaa kimya. Hawakuwa waasi. Walikuwa watu waliovunjika moyo.

Akaingia kwa mkewe Umm Salama akamweleza. Umm Salama hakumpa hotuba. Alimshauri atoke, asiseme na mtu yeyote, achinje mnyama wake na kumwita kinyozi wake. Akafanya hivyo. Watu walipomwona waliinuka wote.

Njiani wakirudi Madina ilishuka sura ya arobaini na nane, inayoitwa Fat'hi, yaani Ushindi, na ushindi unaotajwa mwanzoni mwake wanazuoni wengi wanasema ndio huo mkataba. Si Badri. Ni ile karatasi iliyowaudhi. Kwa nini? Kwa sababu barabara zilifunguliwa, watu wakazungumza, ndugu wakatembeleana. Hesabu inajieleza: Hudaibiya walikuwa elfu moja na mia nne, na miaka miwili baadaye, washirika wa Wamakka walipouvunja mkataba, walioingia Makka pamoja na Mtume walikuwa elfu kumi, na mji ukaingiwa karibu bila damu.

Katika pwani yetu na katika milima iliyo juu yetu, Mbembe, Mfuliru, Mnyindu au Munyamulenge anayekwenda kuketi na wa upande wa pili huitwa msaliti kabla hajafika nyumbani. Nawajua wazee walioogopa kutia sahihi karatasi nzuri kwa sababu ya neno moja la mwanzo, la nani aitwe mwenyeji na nani aitwe mgeni. Karatasi ikarudi mkobani, na msimu wa kulima ukapita.

Nilimwuliza mwalimu: walipoingia Makka, wale wahami wa kwanza walizifanyaje nyumba zao? Akaniambia kwamba Mtume aliulizwa atafikia wapi, naye akajibu kwa kuuliza kama Akil, binamu yake, alikuwa amewaachia nyumba yoyote. Nyumba za ukoo zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Akapigiwa hema. Ufunguo wa Kaaba ukarudishwa kwa Uthman bin Talha wa ukoo uliokuwa ukiutunza, ingawa jamaa zake mwenyewe Mtume waliutamani. Wamakka waliongoja kuchinjwa walisamehewa, isipokuwa wachache waliotajwa kwa majina. Na baada ya Hunaini, watu wa Hawazin walipokuja kuomba wake na watoto wao waliotekwa, wapatao elfu sita, Mtume alitoa kwanza fungu lake na la jamaa yake, ndipo wengine wakatoa yao.

Msinielewe vibaya. Sisemi mhami wa Fizi aache haki ya shamba lake, wala mfugaji asiulize ng'ombe zake. Kila juma nakaa na watu tukiandika orodha: shamba liko wapi, linapakana na nani, nani shahidi. Orodha hizo tutazipeleka mbele ya wenye mamlaka na tutazitetea. Nasema tu kwamba watu wale walirudi nyumbani kwanza, na swali la nyumba halikufanywa sababu ya kuanza vita vingine. Na mkubwa ndiye aliyelala katika hema. Wakubwa wetu wanaochelewesha mazungumzo, wengi wao hawalali darasani.

Juzi nilimkuta tena yule mama, anauza ndagala pembeni mwa barabara. Nikamsimulia habari hii yote, na wateja wawili wakasimama kusikiliza. Hakuniuliza juu ya Khalid wala juu ya farasi. Aliniuliza yule Umm Salama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mjane, na kwamba alipokuwa anahama Makka walimtenganisha na mume wake na mtoto wake karibu mwaka mzima. Akaendelea kupima ndagala zake, kisha akasema: "Kumbe alikuwa mhami. Ndiyo maana alijua." Akanifungia za mia tano, akaongeza konzi moja.